Mvua ya Jana

Leo nimefungua kabla ya saa kumi na mbili.
Ukungu wa Tukuyu ukaingia mbele ya wateja,
ukakaa kwenye benchi kama mtu aliyealikwa.
Huko Australia tayari ni alasiri, anasema Mwalimu Mwaijande,
jua limewaka, wanawake wamevaa kofia pana kama nyungo.
Sisi bado tunatafuta kiberiti.

Mimi ni wa dirishani. Sura zenu sizioni vizuri,
waya umezikata vipande vipande.
Naijua mikono.
Wa Asumwisye una grisi ya mnyororo wa pikipiki,
wa Mama Tupokigwe una utomvu wa ndizi mbichi,
ule mweusi, usiotoka hata kwa majivu.
Wa Ambakisye unanuka parachichi zilizokataliwa mzani.
Noti ya elfu mbili hunifikia ikiwa na joto la kwapa,
imekunjwa mara nne
kama barua ya mtu anayeogopa jibu.

Farasi ishirini na wanne, maili mbili,
na humu ndani hakuna aliyewahi kumgusa farasi.
Punda wa Usangu ndiye ndugu yake tunayemjua,
naye tunamjua kwa mizigo.

Majina yao ni ya Kizungu.
Mwalimu anayatafsiri huku akipuliza chai:
namba tatu, Deni la Bibi.
Namba tisa, Askofu Hajalala. Wakacheka mpaka benchi likalia.
Namba kumi na saba, Mvua ya Jana.

Hapo wakanyamaza.
Mvua ya jana! Sisi watu wa Rungwe
tumezaliwa ikinyesha, tumezika ikinyesha,
viatu vyetu havijui rangi nyingine.
Odi thelathini na nne.
Nani atamnyima ndugu yake elfu mbili?
Nikachapa, mashine ikapata moto,
kumi na saba, kumi na saba,
ya mbolea, ya ada ya kidato cha pili,
ya tairi la nyuma, kumi na saba,
na moja kwa jina la binamu yangu wa Kiwira
ambaye alikuwa amelala na hajui lolote.

Gwamaka hakuweka kitu.
Alisimama mlangoni na koti lake la mvua.
Nilisahau kumtaja: yeye aliwahi kumgusa.
Miezi minane kule Mufindi, shamba la chai,
alimswaki jike moja la rangi ya kahawa
mpaka siku lilipouzwa, bila yeye kuambiwa.
“Msiangalie miguu,” akasema. “Miguu inajisifu.
Angalieni masikio.”

Tukaangalia. Kumi na saba alikuwa anazungushwa,
sikio moja mbele, moja nyuma,
kama mtoto anayeitwa na mama wawili.
“Huyo vipi?”
“Huyo anasikiliza kitu. Sijui nini. Ila si mbio.”
Lakini tiketi ikishatoka hairudi,
bango lenyewe liko juu ya kichwa changu.

Wakaachiwa.
Dakika tatu na ushee, muda wa kumenya shazi moja la ndizi
ukiwa na kisu chenye makali.
Mama Tupokigwe alisimama juu ya ndoo yake.
Mwalimu aliita majina kwa Kiswahili, akayachanganya,
Askofu akawa mbele, Askofu akachoka,
na aliyekuja pembeni, peke yake, bila haraka,
akawa Deni la Bibi,
deni ambalo hakuna aliyetaka kulishika.

Mvua ya Jana alifika wa ishirini na moja.
Kioo kilimwonyesha mara moja tu, kwa nyuma,
mapovu shingoni, mvulana akimshika hatamu.

Hakuna aliyetukana. Hilo lilinishangaza.
Zikasikika tiketi zikikunjwa,
na Gwamaka akiuliza, si sisi, akikiuliza kioo:
“Wamempa maji?”

Kisha mkono mwingine dirishani, mgeni,
mkavu, una vumbi la saruji.
“Dada,” ukasema, “mbwa wanaanza saa ngapi?”